Uwanja wa Baltimore: Uzuri Tumeuona, Hesabu Je?

Kila unapotangazwa mradi wa uwanja wa michezo katika nchi hii, maneno huwa ni yale yale. Vijana watapata ajira, wageni watamiminika, hoteli zitajaa, mama wa viazi karai na kijana wa bodaboda watafaidika. Baada ya hotuba hupigwa makofi, na aghalabu hakuna anayeuliza tena miaka 10 baadaye kama yaliyosemwa yalikuwa.

Uko mji mmoja wa bandari uliowahi kuambiwa maneno hayo, ukajenga, na sasa hesabu yake ya zaidi ya miaka 30 iko wazi kwa anayetaka kuisoma. Ni Baltimore, katika jimbo la Maryland, Marekani. Wengi wetu tuliusikia mji huo Machi 2024, meli ya mizigo iitwayo Dali ilipoigonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key, daraja likaanguka na mafundi sita waliokuwa juu yake wakafariki. Kabla ya msiba huo, jina la Baltimore lilivuma kwa jambo jingine: uwanja wa besiboli wa Oriole Park at Camden Yards, uliofunguliwa Aprili 6, 1992, na ambao wajenzi wa viwanja kote Marekani waliugeuza kuwa kitabu cha kiada.

Besiboli kwetu si mchezo wa mtaani. Waliosoma shule zetu zamani wataukaribia kwa kukumbuka raunda waliyocheza wasichana: mmoja arusha mpira, mwingine aupiga kwa gongo kisha akimbia kuzunguka vituo. Huko Marekani mchezo huo ni biashara kubwa, na kila timu ya ligi kuu hucheza mechi 81 nyumbani kwa msimu. Mengine ya mchezo tuyaache. Linalotuhusu ni uwanja, na mfuko uliolipia.

Hadithi yaanza na hofu. Baltimore ilikuwa na timu mbili zilizopendwa kama roho: Orioles wa besiboli na Colts wa mpira wa Kimarekani. Zote zilitumia Memorial Stadium, uwanja mkongwe ulio mbali na katikati ya mji, na wenye timu walikuwa wakilalamika. Usiku wa kuamkia Machi 29, 1984, huku theluji ikianguka, malori ya kuhamisha vyombo yaliingia katika kambi ya Colts, yakapakia kila kitu na kuondoka kuelekea Indianapolis. Bunge la jimbo lilikuwa likiharakisha sheria ya kuiwezesha serikali kuitwaa timu hiyo. Alfajiri ilipofika, hakukuwa na cha kutwaa. Mji uliamka umeibiwa mchana kweupe, ingawa ilikuwa usiku.

Meya wa wakati huo, William Donald Schaefer, hakulisahau pigo hilo. Alipokuwa gavana wa Maryland mwaka 1987, alisukuma mradi wa viwanja vipya kwa nguvu zake zote ili Orioles wasifuate njia ya Colts. Mamlaka ya Viwanja ya Maryland ilikuwa imeundwa mwaka mmoja kabla, 1986. Bunge likapitisha, na fedha zikapatikana mahali ambapo sisi Waislamu lazima tupatazame mara mbili: michezo maalumu ya bahati nasibu ya serikali. Kwa lugha ya madrasa, kamari.

Wapo wananchi waliopinga. Walikusanya sahihi wakitaka jambo hilo lipelekwe kwenye kura ya maoni, watu wa Maryland waamue wenyewe. Kesi ikafika mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1987, na majaji wakaamua kwamba sheria hizo za matumizi ya fedha za serikali haziwezi kupigiwa kura ya maoni. Mlango ukafungwa kisheria. Uwanja ungejengwa, mwananchi apende asipende.

Na ulijengwa vizuri, tusiwe wachoyo wa sifa. Kabla ya hapo, miji ya Marekani ilikuwa imeshika mtindo wa kujenga viwanja vya mviringo, mabakuli makubwa ya zege yaliyozungukwa na bahari ya maegesho ya magari, vya kuchezea michezo miwili mitatu kwa pamoja na visivyofaa barabara hata mmoja. Waliosimamia Camden Yards walikataa mtindo huo. Rais wa klabu, Larry Lucchino, na msanifu Janet Marie Smith walitaka uwanja wa besiboli pekee, wa chuma na matofali, uingie katikati ya mji kama jirani mwenye adabu. Kampuni ya usanifu ya HOK ndiyo iliyouchora.

Eneo lenyewe lilikuwa yadi ya zamani ya kampuni ya reli ya Baltimore and Ohio. Pembeni yake lilisimama godauni la matofali mekundu lililojengwa kati ya 1899 na 1905, lenye urefu wa takriban mita 310 na upana wa mita 15 hivi, jengo refu jembamba kama behewa lisilokwisha. Lilikuwa limeachwa, na wapo waliotaka libomolewe. Wenye busara wakalitengeneza, wakaweka humo ofisi, na leo ndilo linalofanya picha yoyote ya uwanja huo itambulike. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na hapa Wamarekani waliuhifadhi mbachao wao.

Kati ya godauni na viti palikuwa na barabara iitwayo Eutaw. Sehemu hiyo imefanywa njia ya watembea kwa miguu. Siku ya mechi hujaa wauza vyakula na familia zinazopita, na mpira unaopigwa kwa nguvu hadi ukaangukia hapo huwekewa kibao cha shaba chini, penye alama ya ulipotua. Kiwanja chenyewe kimechimbwa takriban mita tano chini ya usawa wa barabara, hivyo mtu wa nje haoni ukuta mkubwa unaomeza mtaa. Viti ni zaidi ya 44,000. Stesheni ya treni iko mlangoni, na reli ya mjini ilianza kazi mwaka huo huo wa 1992, kwa hiyo maelfu hufika bila gari. Kuna na bahati ya historia: Babe Ruth, mchezaji mashuhuri kuliko wote wa mchezo huo, alizaliwa mwaka 1895 hatua chache kutoka hapo, na baba yake aliwahi kuendesha baa mahali ambapo leo ni ndani ya uwanja.

Miji mingine ilikuja, ikatazama, ikarudi nyumbani kuiga. Cleveland ilifungua wake 1994, Denver 1995, Pittsburgh 2001, na San Diego 2004, ambako jengo kuukuu la kampuni ya vyuma lilihifadhiwa na kuwa sehemu ya uwanja. Kwa upande wa usanifu, Baltimore ilifundisha wenzake, na ilistahili ualimu huo.

Sasa tuje kwenye daftari, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Kuujenga uwanja wenyewe kuligharimu takriban dola milioni 110. Ukiongeza ardhi na matayarisho, hesabu ilipita milioni 200. Kwa shilingi zetu za leo hiyo ni takriban bilioni 26. Mwaka 1997 wanauchumi Roger Noll na Andrew Zimbalist walichapisha utafiti mpana kuhusu viwanja vya Marekani. Kuhusu Camden Yards, uliokuwa ukisifiwa kuliko vyote, walieleza kwamba faida halisi kwa uchumi wa Baltimore, yaani ajira mpya na kodi za ziada, ilikuwa takriban dola milioni tatu kwa mwaka. Weka milioni 200, pata milioni tatu. Muuza duka wa Biashara Street hahitaji diploma kujua hiyo si biashara.

Sababu si ngumu kuifahamu. Mechi ni siku 81, na mwaka una siku 365. Siku nyingi lango limefungwa. Kazi nyingi zinazotolewa ni za kuuza soda na kufagia, za msimu na za saa chache. Na muhimu zaidi, baba aliyetumia pesa zake uwanjani Jumamosi ni yule yule ambaye angezitumia sinema au mkahawani mtaani kwake. Pesa zimehama kutoka mfuko mmoja wa mji hadi mwingine, hazikuzaliwa upya. Tofauti ni kwamba za mkahawa hubaki mtaani, na sehemu kubwa ya zile za uwanjani huishia kwa mwenye timu na kwa wachezaji ambao huenda hata hawaishi hapo.

Na mwenye timu alipata nini? Eli Jacobs aliinunua Orioles mwishoni mwa 1988 kwa dola milioni 70. Uwanja ukafunguliwa 1992. Mwaka 1993 timu ikauzwa kwa kundi la Peter Angelos kwa dola milioni 173. Mwaka 2024 familia ya Angelos ikaiuza kwa kundi la David Rubenstein kwa dola bilioni 1.725. Sisemi kwamba uwanja pekee ndio uliopandisha bei hiyo. Haki za televisheni na mambo mengine yamechangia mno. Lakini uwanja ulijengwa kwa fedha za umma, na bei ilipopanda, aliyekuwa ameshika hati ya timu ndiye aliyechukua.

Mji wenyewe, je? Sensa ya 1990 iliikuta Baltimore na watu 736,000 hivi. Ile ya 2020 iliwakuta 585,000 na ushei. Jengo la maduka la Harborplace, fahari ya ufuo wa bandari tangu 1980 na mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanjani, lilidorora hadi likawekwa chini ya msimamizi wa mahakama mwaka 2019. Uwanja haukuyasababisha hayo. Lakini ulinadiwa kama dawa, na mgonjwa hakupona.

Aprili 2015 dunia nzima iliona tofauti kati ya uwanja na mji. Kijana mweusi, Freddie Gray, alifariki kwa majeraha aliyopata akiwa mikononi mwa polisi. Mitaa ya Baltimore ikawaka. Tarehe 29 mwezi huo Orioles waliwafunga Chicago White Sox 8-2 milango ikiwa imefungwa, bila mtazamaji hata mmoja vitini. Haikuwahi kutokea katika historia ya ligi kuu. Viti vyote vile vya kijani vilikuwa vitupu, na mitaa ya magharibi ya mji, ambako fedha za viwanja hazikuwahi kufika, ndiyo iliyokuwa na watu, na hasira.

Ungedhani baada ya hapo wangejifunza. Mwaka 2022 bunge la Maryland liliruhusu hadi dola bilioni 1.2 nyingine, nusu kwa Camden Yards na nusu kwa uwanja jirani wa timu ya Ravens. Desemba 2023 ukaidhinishwa mkataba mpya wa miaka 30, ambao klabu inaweza kuuvunja baada ya miaka 15 ikiwa makubaliano juu ya uendelezaji wa ardhi ya kando ya uwanja hayatafikiwa. Klabu hailipi kodi ya pango. Badala yake inabeba gharama za uendeshaji na matunzo. Hofu ni ile ile ya malori ya 1984. Mwenye timu hahitaji tena kutamka kwamba ataondoka. Mji wenyewe unajiambia usiku.

Kuna waliofanya vingine. San Francisco wapiga kura walikataa mara kwa mara kulipia uwanja mpya wa timu yao ya Giants. Mwishowe wenye timu waliujenga kwa kiasi kikubwa kwa fedha zao na mikopo yao, ukafunguliwa mwaka 2000, tena katikati ya mji, tena ufuoni. Ni mzuri vile vile. Kumbe ilikuwa inawezekana. Kilichohitajika ni mwananchi kupewa nafasi ya kusema hapana, na hapana yake kuheshimiwa.

Msomaji wa Pwani ataniuliza, yatuhusu nini haya? Yatuhusu sana, kwa sababu sasa na sisi tumeingia katika njia hiyo hiyo.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Nairobi unajengwa uwanja wa Talanta wa watu 60,000, na mwaka 2025 hati fungani ya takriban shilingi bilioni 44.8 iliorodheshwa katika soko la hisa kuugharamia. Malipo yake yameegemezwa kwenye Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Na hazina hiyo hulishwa na nini? Kodi za kamari na bahati nasibu. Baltimore walipita hapo mwaka 1987. Sisi tumepita mlango ule ule, tofauti ni kwamba tiketi yetu ya kamari iko ndani ya simu, na kijana haitaji kutoka kitandani kuikata.

Hukumu ya kamari kwetu haina mjadala. Suratul Maida imelimaliza jambo hilo. Lakini hata asiyekuwa Muislamu na ayapime kwa akili. Utafiti mwingi wa Marekani umeonyesha kwamba bahati nasibu huchota sehemu kubwa zaidi ya kipato cha maskini kuliko cha tajiri. Ukiijengea uwanja, umemtoza kodi kijana wa Kisauni na wa Kongowea kwa jina la burudani, kisha umemuuzia tiketi ya kuingia. Na ubaya wa pili ni huu: serikali iliyoahidi kulipa deni kwa kodi ya kamari itapata wapi moyo wa kuwazuia vijana kucheza kamari? Mdeni hamfukuzi anayemlipia deni.

Hapa Mombasa shida yetu ina sura nyingine. Uwanja wa Manispaa ulivunjwa ili ujengwe upya, na kazi ikasuasua mwaka baada ya mwaka, ikavuka utawala mmoja wa kaunti hadi mwingine. Watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati ule sasa wana ndevu. Hatukupata uzuri wa Baltimore wala hatukuonyeshwa hesabu yake. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Sipingi viwanja. Mji usio na mahali pa vijana kucheza huwapa vijana wake mahali pengine, na sote twajua ni wapi. Ninachodai ni kwamba tusiuziwe uwanja kama kiwanda. Uwanja ni kama bustani au maktaba: gharama tunayokubali kwa ajili ya furaha na afya ya watu wetu. Ukikubaliwa kwa sababu hiyo, basi ujengwe kwa kiasi cha uwezo, mahali penye matatu na miguu, bila kubomoa la kale lenye faida, na uwe wazi kwa timu za mitaa na shule siku zote za wiki, si siku za sherehe pekee. Camden Yards wametufundisha hayo ya ujenzi kwa uzuri kabisa.

La mkataba ndilo tujifunze kwa makosa yao. Katiba yetu ya 2010 imetaka umma ushirikishwe, haki ambayo watu wa Maryland waliitafuta mahakamani wakaikosa. Tuitumie. Mradi wowote wa uwanja ukiletwa katika kikao cha wadi, mwananchi asimame aulize: zatoka wapi fedha, na ni za halali? Nani atalipa ukizidi bajeti? Nani atavuna thamani ikipanda? Utafunguliwa siku ngapi kwa mwaka kwa mtoto asiye na senti? Na ukikwama, nani atawajibika, kwa jina na kwa cheo?

Anayeleta mradi akiwa na majibu ya maandishi, tumuunge mkono kwa mikono miwili. Akija na michoro ya rangi na ahadi za ajira, arudishwe akalete daftari.